Mwalimu Aliyekunywa Mvua

Alikuwa anakunywa ile mvua. Nianze na hilo kabla sijajisahau nikaanza kumsifia, maana watu wa kwetu mtu akishazeeka wanamsugua kama sufuria la harusi mpaka masizi yote yanatoka. Mimi masizi yake nayakumbuka. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, mwalimu wetu wa jiografia alitoka ofisini na bilauri yake ya kupimia, akafungua kigeti cha wavu nyuma ya jengo la walimu, akachomoa kopo kwenye kipima mvua, akamimina maji kwenye bilauri. Aliinama akayasoma kwa jicho moja, akaandika kwenye daftari. Halafu akayanywa. Kukiwa na nzi, alimtoa kwa ukucha wa kidole cha mwisho, ukucha mrefu wa njano aliokuwa anaufuga, akampaka kwenye mgomba, na maji akayanywa vilevile. Akimaliza anajifuta mdomo kwa tai.

"Haya ndiyo maji pekee ninayoyajua kiasi chake," alituambia siku moja alipotukuta tunamchungulia tumekunja sura. Khaa!

Mimi ni mtu wa chakula. Nina kibanda pale Bulyaga, napika ndizi na nyama, wali na maharage, na mteja akikohoa juu ya sufuria langu namwonyesha njia ya kwao hata kama ni mheshimiwa. Kwa hiyo mniwie radhi nikimsimulia huyu mtu huku nimebana pua. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, siyajui na sijapungukiwa kitu. Ninachokijua ni ile tai. Ilikuwa ya kahawia, na sidhani kama ilizaliwa na rangi hiyo. Alifutia ubao, alifutia mdomo, alifutia miwani, na mara moja niliiona kwa macho yangu imefungwa miguuni kwa kuku aliyepewa na mzazi mmoja. Kesho yake ilikuwa shingoni kwake tena, na manyoya mawili yamenasa kwenye fundo. Akatufundisha mistari ya latitudo.

Darasani alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likatuota usingizini: "Sayansi haibahatishi!" Alilisema akiwa ameinua chaki juu, mate yakiwanyeshea waliokaa mbele. Mimi nilikaa mbele. Ukimwambia, "Mwalimu, naona kama mvua itanyesha," alikuchapa. Si kwa kukosea, bali kwa kusema "naona kama." Alitaka useme itanyesha au haitanyesha. Nilikua nikiamini kwamba mtu msomi ni mtu asiyesema "labda."

Nilipokuwa darasa la sita, kijana mmoja wa nyuma alikojoa kwenye kipima mvua. Ilikuwa mwezi wa tisa, siku kavu, mbingu ya bluu. Saa tatu shule nzima ilikuwa imejibanza kwenye kona, tumeshika matumbo. Mwalimu akamimina, akainama, akasoma. Akanusa. Hakumwaga na hakupiga kelele. Akaandika kwenye daftari, ndipo akamwaga, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akimwaga. Alipoingia darasani alisema tu, "Leo imenyesha kutoka chini kwenda juu," akaendelea na somo. Tulicheka tukalia. Nilipofika nyumbani na kumsimulia mama, hakucheka hata kidogo. "Mwe bandu, enyi watu," akasema, "mnamchezea Mwalimu! Nani atatuambia siku?"

Siku. Hapa ndipo penyewe.

Mtu wa Dodoma akisikia watu wa Rungwe wanalilia mvua atadhani tumelewa. Kwetu inanyesha karibu mwaka mzima, na ndiyo maana inatudanganya. Mwezi wa nane inadondoka kidogo, wa tisa inadondoka, wa kumi ukungu unashuka mpaka mlangoni na migomba inatiririka maji, unasema tayari, msimu huo umeingia. Unapanda. Halafu jua linawaka wiki tatu, udongo wetu ule mweusi unageuka majivu, na mbegu zako zinaungua humo humo. Aliyepanda wa kwanza anachekwa mpaka Krismasi. Kule kwetu Ikuti kuchekwa shambani ni aibu kubwa kuliko kukamatwa na mke wa mtu. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa kumi watu walikuwa wanachunguliana juu ya ua, jembe mkononi, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, na hakuna anayeanza.

Ndipo wakamtwika Mwalimu. Yeye ana kipimo, yeye ana daftari, yeye aseme. Jumapili moja ya mwezi wa kumi, ibada ikiisha, watu hawakuondoka. Walisimama nje ya kanisa wanajifanya wanasalimiana, ndaga huku, ndaga kule, mchungaji wa watu anakunja uso kwa sababu mahubiri yake hayajawahi kungojwa namna ile. Mwalimu alisimama kwenye ngazi, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akataja siku. "Jumatano." Basi. Hakueleza kitu. Jumatano hiyo Ikuti yote ilikuwa shambani, na maharage yakikomaa kila nyumba ilimpelekea bakuli la mbegu zake nzuri kama shukrani. Na mama yangu alikuwa wa kwanza kumpelekea.

Mama alikuwa na maharage yake aliyokuja nayo toka kwao Kisiba alipoolewa. Mekundu ya kuiva, na mstari mweupe mgongoni kama mtu ameuchora kwa ncha ya kijiti. Yanaiva upesi, yanatoa mchuzi mzito bila kuongezwa chochote. Nimepika maharage ya kila aina kwa miaka kumi na minane, sijaonja kama yale. Aliyahifadhi kwenye kibuyu na majivu ya jikoni, juu ya dari. Na alikuwa na mwiko mmoja, sijui wa kwao au wa kwake tu: ikifika siku ya kupanda, kibuyu kinamwagwa chote. Kubakiza mbegu ni kumwambia Mungu humwamini. Nikiwa mdogo nilibakiza kiganja kimoja cha kuchezea bao, akanirudisha shambani gizagiza na mvua yake nikafukie kila punje.

Sasa kabla sijafika pabaya, lazima niseme mema ya yule mtu, ingawa ulimi unakataa. Nilipomaliza darasa la saba baba alisema basi, msichana imetosha. Mwalimu alikuja nyumbani mara tatu kumwomba, mara zote kwa miguu, mara zote mvua inamcharaza. Baba hakukubali. Mara ya tatu Mwalimu alisimama uani akalia, kamasi, machozi na mvua vyote pamoja, akajipangusa kwa unajua nini. Nilimwonea kinyaa na nikampenda, vyote siku ile ile. Nikaenda kupika kwa watu.

Miaka mingi siku zake ziliangukia vizuri. Watu wakamfanya nusu nabii. Halafu mvua ikaanza kukorofisha. Mwaka mmoja ilianza mwezi wa nane ikakata. Mwaka mwingine mvua ya mawe ilipiga chai mpaka mashamba yakawa kama yamekatwa kwa panga. Vijana wakaanza kusoma hali ya hewa kwenye simu, simu inasema vipindi vya jua na vipindi vya mvua, ambavyo hata mbuzi wangu anavijua. Mwalimu, amestaafu tayari, akaendelea kusimama kwenye ngazi. Jumanne. Ijumaa. Jumatatu. Mwaka yuko sawa, mwaka hayuko. Akikosea watu walisema Mungu amebadilisha.

Mwaka ule ninaousema, takribani miaka minane iliyopita, alitaja Jumatano. Mama akashusha kibuyu. Nilikuwa nimekuja toka Bulyaga kumsaidia, na sitasahau alivyokigonga kitako punje ya mwisho idondoke. Tulipanda yote. Alhamisi jua. Ijumaa jua. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha, ya tatu. Kila nikirudi kumtazama namkuta mama amechuchumaa shambani anafukua kwa kidole, anatazama punje, anaifukia tena kama anamfunika mtoto. Zilikuwa zimechipua kidogo zikafia humo humo. Nyingine zimeoza. Za upande wa chini wa shamba, kwale walishazila.

Halafu yakaja manyunyu ya siku mbili. Mama akanituma: "Nenda kwa Mwalimu. Mwulize tufanyeje."

Nilivuka kijito nikaenda. Shamba lake liko nyuma ya nyumba, huwezi kuliona toka njiani, na nadhani ndiyo raha yake. Nikasimama pale nimeshika kiuno. Lilikuwa mafungu matatu. Fungu la kwanza limeungua kama letu. La pili lina vijani viwili viwili, kijani kibichi, vimetoka jana au juzi. La tatu limelimwa vizuri, limesawazishwa, halina kitu. Linangoja. Yeye mwenyewe yuko katikati na mabuti ya mpira na ile tai, eti anapalilia.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Hakushtuka. "Majaribio."

"Majaribio?"

"Sayansi inahitaji majaribio, binti yangu."

"Wewe ulisema Jumatano! Mama kamwaga kibuyu kizima!"

Akatazama ncha za mabuti yake. "Mwambie mama awe na subira," akasema.

Nilitema mate. Chini, kwenye fungu lake tupu, na sijawahi kumtemea mtu mzima mate wala kabla wala baada. Sikuuliza vile vijani ni vya mbegu ya nani. Majani machanga ya maharage yote yanafanana.

Jumapili iliyofuata nilisimama mimi kwenye ile ngazi. Nikawaambia watu wote: huyu mtu anawatajia siku moja, yeye anapanda kwa siku tatu. Mnajua kilichotokea? Walinikasirikia mimi. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, "Haya, wewe tuambie. Tupande lini?"

Nikasema, "Sijui. Hakuna anayejua. Pandeni kidogo kidogo."

"Hujui," akasema, "halafu unasimama hapo juu." Wakacheka. Wakaondoka. Na mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, walewale walisimama nje ya kanisa palepale wanajifanya wanasalimiana, shingo zimegeukia ngazi! Nilisonya mpaka meno yakaniuma. Mama yangu naye alikuwemo. Kuhusu maharage yake alisema ni Mungu tu, Mwalimu ana kosa gani. Nilikinai mpaka nikakaa miezi bila kukanyaga Ikuti.

Lakini maharage yale mama hakuyasahau. Nilimletea mbegu za dukani, nikamletea za mradi, akazipanda kwa adabu, akazila kwa adabu. Miaka miwili hii miguu imeanza kumwacha, na chakula anakirudisha. Naweka sahani mbele yake, anaonja, anasogeza. "Hakuna ya Kisiba?" ananiuliza, kana kwamba nimeyaficha. Nilikwenda Kisiba mwenyewe, nikazunguka nyumba kwa nyumba kwa wajomba zake. Wengi wamepanda parachichi siku hizi, maharage wananunua. Bibi mmoja aliukumbuka ule mstari mweupe, akaniambia, "Yale? Yalikwisha zamani." Nikarudi mikono mitupu. Mama akaniuliza tena usiku uleule. Daktari anasema ale. Mimi ninalisha watu tangu asubuhi mpaka jioni, mama yangu amekonda mifupa, na anachokitaka ni bakuli moja la maharage ambalo halipo duniani.

Mwezi wa kumi mwaka huu, dereva wa bodaboda alisimama kibandani kwangu, akala, akapangusa mikono, akasema, "Mama, yule Mwalimu wa Ikuti anakuita. Kasema uje na chombo."

"Chombo cha nini? Cha kumkingia mvua anywe?"

"Mi sijui, mama. Kasema chombo."

Nilikaa siku tatu sikwenda. Ya nne nikaenda, nimebeba bakuli la plastiki na hasira zangu zote.

Nilimkuta amekaa barazani. Macho yamekwisha, yamefunga utando mweupe. Ukucha bado upo, Mungu wangu, umejikunja sasa. Tai ipo. Kipima mvua alikisimamisha chake uani toka alipostaafu, na karibu na mguu wake palikuwa na ile bilauri, imebaki na maji kidogo na kijani cha mti kinaelea. Nikageuza uso.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa siku tatu." Akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akatoa kopo la maziwa ya unga lenye kutu. "Leta chombo."

Nikasogeza bakuli. Akamimina. Majivu yalitoka kwanza, yakanijaa puani, halafu punje zikaanza kugonga plastiki. Nikatia mkono nikapangusa moja. Nyekundu. Nikaigeuza. Mstari mweupe mgongoni.

Nikapangusa ya pili, nayo vilevile. Yeye akasema.

"Mama yako alikuwa ananiletea kila mwaka. Mwaka ule nilizipanda zake mwenyewe kwenye yale mafungu. La pili likashika. Nimezipanda kila mwaka, kidogo kidogo. Sasa jembe siliwezi."

"Miaka minane!" Sauti ilinitoka hata kuku wakakimbia. "Miaka minane ulikuwa nazo! Mama yangu anakufa kwa hamu, mimi nimezunguka Kisiba yote kama kichaa, na wewe uko hapa ng'ambo ya kijito, umezikalia!"

"Ningempa, angeuliza zimeponaje."

"Na ungejibu!"

"Ndiyo," akasema. "Ningejibu. Niliona aibu."

Aliliweka hivyo, wazi, na mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. Nilitaka kumhurumia, roho ikagoma. Nikamwuliza kile nilichokuwa nimekibeba toka siku ile ya kutema mate: kwa nini? Kwa nini hakusimama kwenye ngazi mwaka mmoja tu, akawaambia pandeni kwa mafungu, mimi sijui?

Akacheka, cheko la kikohozi. "Nilisema. Mwaka wa kwanza kabisa, wewe uko darasa la pili. Niliwaambia sijui, gaweni mbegu. Mama yako alikuwa pale. Walikwenda nyumbani wakakaa. Hakuna aliyepanda punje mpaka mwezi wa kumi na mbili, kila mtu anamtazama mwenzie. Mwaka ule watu walikula mizizi ya migomba. Mwaka wa pili nikasema Jumatano." Akapapasa bilauri yake. "Wewe nawe ulisimama pale ukawaambia hujui. Walikufanyaje?"

Anajua walivyonifanya, alikuwepo.

"Mimi hata mvua ya kesho sijawahi kuijua," akasema. "Ninaijua ya jana tu. Hii." Akainua bilauri akanywa, na kile kijani cha mti akakitoa ulimini kwa ukucha. Nikaaga.

Njiani mvua ilinikuta. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya kweli, mto unashuka kila upande wa barabara. Nilifunika bakuli kwa khanga. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jiko anaitazama inavyonyesha, na hata kabla sijaingia nilijua atasema nini. Kwa hiyo nilipita nyuma ya nyumba kwanza. Nilitafuta kopo, nikaweka mafungu mawili ya mbegu humo na majivu, nikalisukuma nyuma ya kuni. Fungu la tatu nikaliacha kwenye bakuli, nikatoa viganja viwili vya kupika, nikaingia.

Alizishika muda mrefu. Alizigeuza moja moja, akitafuta mstari kwa ncha ya kidole. Halafu akacheka kama msichana, na mimi nikageukia jikoni nikajifanya napuliza moto.

"Mbona chache?"

"Ndizo nilizopewa, mama."

"Basi leo! Si unaona inavyonyesha? Lete jembe, tumwage zote leo, shamba linywe."

"Si leo," nikasema. "Jumanne."

"Kasema nani?"

Mikono ilikuwa imejaa majivu mpaka viwikoni. Ningeweza kumwambia sijui, mama, huenda ikakata kesho, tugawe. Nilimtazama alivyokonda. Kile kibuyu chake cha zamani kilikuwa bado kinaning'inia darini, kitupu, miaka minane.

"Mwalimu," nikasema. "Mwalimu kasema Jumanne."

Uso wake ukatulia palepale. Akaweka bakuli mapajani, akalifunika kwa viganja. Jioni alikula sahani nzima, akaramba mchuzi, akaomba tena. Nilikuwa nje nanawa kwenye maji yanayotoka kwenye bati, nasugua kucha, niliposikia sauti yake kutoka ndani.

"Huyu Mwalimu," alisema, "wengine wote msemeni mnavyotaka. Yeye hajawahi kunidanganya."

Nikaendelea kusugua. Majivu yalikuwa yamenikaa chini ya kucha, hayatoki.

"Kweli, mama," nikamjibu.